Jumba la Michezo la Mogadishu: Giza Lisilotisha

Jioni ya Jumatano tarehe 22 Septemba 2021, katika mji wa Mogadishu, makao makuu ya Somalia, wake kwa waume walivuka vizuizi kadhaa vya askari, wakakubali kupekuliwa, kisha wakaingia katika jumba moja kubwa kutazama picha za sinema. Katika miji mingi ya ulimwengu jambo kama hili lisingepewa hata mstari mmoja gazetini. Watu kwenda sinema ni habari gani? Lakini katika mji ule ilikuwa habari iliyovuka bahari, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza, baada ya miaka 30, kwa filamu kuonyeshwa hadharani namna ile katika Jumba la Taifa la Michezo la Somalia.

Filamu zilizoonyeshwa zilikuwa mbili, fupi zote mbili, kazi ya mtengenezaji wa Kisomali aitwaye Ibrahim CM. Moja iliitwa Hoos, na ya pili Date from Hell. Tikiti iliuzwa kwa dola 10 za Kimarekani, bei iliyo nzito kwa mwananchi wa kawaida wa Mogadishu. Hata hivyo watu walilipa, wakaingia, wakakaa.

Hapo ndipo lilipofanyika jambo dogo ambalo ndilo kiini cha habari hii. Ili filamu ionekane vizuri, sharti taa zizimwe. Watu wa Mogadishu, ambao kwa miaka mingi walilijua giza kuwa mwenzake adui, walikubali kukaa gizani, bega kwa bega na watu wasiowajua, migongo yao imeelekea mlango. Anayetaka kujua maana ya amani na asitafute maneno makubwa. Na alitazame giza hilo.

MOGADISHU KATIKA NYUMBA ZA BUJUMBURA

Huenda mtu akauliza, jumba la Mogadishu lawahusu nini wakaao Bujumbura, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, mbali na Bahari ya Hindi? Jibu lake linapatikana katika nyumba nyingi za mji huu. Nenda Ngagara, nenda Kamenge, nenda Buyenzi au Kinama, hutakosa kumpata mama aliyewahi kuulizwa na mtoto wake, "Baba yuko wapi?" naye akajibu neno moja tu: "Somalia."

Askari wa kwanza wa Burundi waliwasili Mogadishu mwezi wa Desemba 2007, katika jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani, lililojulikana kwa kifupi kama AMISOM. Waganda walikuwa wametangulia mwezi wa Machi mwaka huo huo. Tangu hapo, kwa muda wa miaka kumi na saba hivi, vikosi vya Burundi viliendelea kupokezana zamu katika nchi ile. Wako waliorudi salama. Wako waliorudi na majeraha. Na wako ambao hawakurudi kamwe.

Tarehe 22 Februari 2009, askari 11 wa Burundi waliuawa kambini mwao, mahali palipokuwa chuo kikuu zamani. Tarehe 17 Septemba mwaka huo huo, shambulio jingine katika makao makuu ya AMISOM liliua askari 17 wa kulinda amani, wengi wao Warundi, akiwemo naibu kamanda wa jeshi lile zima, Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza. Kwa hiyo, jina la Mogadishu si jina geni hapa. Ni jina lililotajwa mezani wakati wa chakula, likatajwa katika sala, likatajwa na misibani.

Basi ni haki ya jamaa hizo kujua kwamba mji uliowachukua baba zao na ndugu zao haukuwa mji wa magofu na risasi peke yake. Ulikuwa na jukwaa, ulikuwa na waimbaji, na ulikuwa na jumba la fahari ambalo watu walilivalia nguo zao nzuri.

ZAWADI YA MWAKA WA 1967

Somalia ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1960. Miaka saba baadaye, yaani mwaka wa 1967, Jumba la Taifa lilifunguliwa katikati ya mji. Lilijengwa na mafundi wa Kichina likiwa zawadi ya Jamhuri ya Watu wa China, wakati wa Mwenyekiti Mao Zedong, kwa taifa changa la Afrika. Mahali palipochaguliwa palikuwa pa heshima, karibu na ikulu.

Ili kuelewa kwa nini zawadi hiyo iliwagusa Wasomali, inafaa kukumbuka jinsi taifa lile linavyolipenda neno lililotungwa vizuri. Mshairi wa Kiswahili huangalia vina, naye hutaka mwisho wa mstari ulingane na mwisho wa mwenziwe. Mshairi wa Kisomali huangalia mianzo. Akichagua sauti moja, hulazimika kuweka katika kila mstari neno linaloanza kwa sauti hiyo, tangu shairi linapoanza hadi linapokwisha. Kazi hiyo si ndogo, na wasikilizaji huwa wakali: mtungaji akiteleza mara moja, watu humkamata.

Michezo ya kuigiza ya Kisomali ilijengwa juu ya ushairi huo. Wahusika waliongea, na mambo yalipokuwa mazito waliimba, wakifuatana na sauti ya udi. Tena, kwa kuwa maandishi rasmi ya lugha ya Kisomali yalianza mwaka wa 1972 tu, waigizaji wa miaka ya mwanzo hawakujifunza sehemu zao kwa kusoma. Walifundishwa kwa masikio. Mtungaji alisema, mwigizaji akasikiliza, akarudia, akarudia tena, mpaka mchezo mzima ukakaa kichwani. Mwalimu yeyote aliyepata kumfundisha mtoto shairi kwa moyo aweza kukisia subira iliyohitajiwa.

Mwanzoni, katika miaka ya 1950, hata sehemu za wanawake ziliigizwa na wanaume, maana mwanamke aliyepanda jukwaani aliitwa majina mabaya. Pole pole wanawake wakaja, wakaimba, wakapendwa. Waimbaji kama Halima Khaliif, aliyejulikana zaidi kwa jina la Magool, na Maryam Mursal, walipata sifa zilizoenea hata nje ya mipaka ya nchi yao.

BENDI ZA JESHI NA ZA POLISI

Jambo litakalowafurahisha wasomaji waliovaa sare ni kwamba muziki wa Mogadishu wa miaka hiyo ulibebwa na watumishi wa serikali. Jeshi lilikuwa na bendi yake, Horseed. Polisi nao walikuwa na yao, Heegan. Wizara ya Elimu haikukubali kuachwa nyuma, ikawa na Iftin. Na juu ya hao wote kulikuwa na kundi kubwa la taifa lililoitwa Waaberi, jina lenye maana ya mapambazuko, ambalo lilikusanya waimbaji, wapiga ala, wachezaji ngoma na waigizaji.

Hivyo mtu aliyeonekana mchana katika gwaride aliweza kuonekana usiku jukwaani. Raia walimzoea askari kwa sura mbili, sura ya kulinda na sura ya kufurahisha. Si siri kwamba baada ya jeshi kuchukua madaraka mwezi wa Oktoba 1969, chini ya Mohamed Siad Barre, jukwaa lilitumiwa pia kuwasifu watawala. Lakini watungaji hodari walijua kuficha ukweli ndani ya mafumbo ya mapenzi na ya ngamia, na wasikilizaji walijua kuufumbua.

Mojawapo ya michezo iliyopata sifa kubwa katika jumba lile ni Shabeelnaagood, kazi ya Hassan Sheikh Mumin, iliyoonyeshwa mwaka wa 1968. Jina hilo lina maana ya chui aliye katikati ya wanawake. Ni habari ya mwanamume laghai anayewahadaa wasichana, akamdanganya mmoja wao kwa ndoa isiyo ndoa. Ndani ya mchezo huo watu wanajadiliana juu ya malezi, juu ya heshima ya msichana, juu ya wajibu wa wazazi, na juu ya mambo mapya ya mjini. Mwaka wa 1974 mtaalamu wa lugha B. W. Andrzejewski aliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, nao ukasomwa mbali na pwani ulikozaliwa. Mama yeyote wa Bujumbura mwenye binti aliyebaleghe angeufahamu mchezo huo bila ya kufafanuliwa sana, maana chui wa namna hiyo hana taifa.

JUMBA LAWA NGOME

Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, na wale walioiangusha wakageukiana wenyewe kwa wenyewe. Jumba la Taifa likafungwa. Mahali pake karibu na ikulu, palipokuwa heshima yake, sasa pakawa balaa. Ukuta mnene uliojengwa kuzuia kelele za mjini ulifaa pia kuzuia risasi, kwa hiyo wapiganaji wa wakuu wa vita waliingia humo na kupafanya kituo chao. Paa likaanguka. Viti vikatoweka. Jukwaa likabaki wazi, likinyeshewa na mvua.

Waigizaji nao walitawanyika kama mbegu. Maryam Mursal alisafiri na watoto wake watano, miezi saba, akivuka nchi za Pembe ya Afrika, hadi alipopata hifadhi katika nchi ya Denmark. Wengine waliishia Nairobi, Djibouti, London, na hata Marekani. Taifa likawa na waimbaji wasio na jukwaa, na jukwaa lisilo na waimbaji.

Hata hivyo sauti hazikupotea zote. Kule Hargeisa, kaskazini, wakati mji ulipokuwa ukitishwa na mabomu ya ndege mwaka wa 1988, watu wenye busara walizitoa kanda za redio, nyingine wakazifukia ardhini, nyingine wakazivusha mipaka. Na katika jengo la Radio Mogadishu, hazina ya kanda za zamani ilisalimika katikati ya vita kwa sababu kulikuwa na walinzi waliokataa kuiacha. Waliopenda nyimbo walizilinda jinsi mtu anavyolinda mbegu wakati wa njaa: haliwi jambo la leo, lakini bila hilo hakuna kesho.

Baadaye likaja pigo la aina nyingine. Katika mwaka wa 2006 na ile iliyofuata, makundi yaliyoshika sehemu kubwa za mji yalipiga marufuku sinema, na Al-Shabaab wakazidisha ukali hata juu ya muziki. Kijana aliyezaliwa Mogadishu mwaka wa 1991 aliweza kufikia utu uzima bila ya kuwahi kuketi katika jumba la michezo hata siku moja. Tarehe 6 Agosti 2011, baada ya mapigano makali ya mtaa kwa mtaa ambamo Warundi na Waganda walishiriki pamoja na askari wa serikali ya Somalia, Al-Shabaab waliondoka katikati ya mji.

SIKU KUMI NA SITA

Watu wa Mogadishu hawakungoja paa lijengwe. Tarehe 19 Machi 2012, katika jumba lile lile lisilo na paa, lenye kuta zilizotobolewa na risasi, wasanii walipanda jukwaani tena. Waliimba, wakachekesha, wakaigiza. Wazee waliokuwa vijana katika siku za Waaberi walirudi kuona kama sauti zao bado zipo.

Furaha hiyo ilidumu siku kumi na sita. Tarehe 4 Aprili 2012 ilifanyika sherehe humo ndani kuadhimisha mwaka mmoja wa televisheni ya taifa. Waziri Mkuu Abdiweli Mohamed Ali alikuwa akihutubia. Bomu likalipuka katikati ya wageni. Habari zilisema aliyejilipua alikuwa mwanamke. Waziri Mkuu alinusurika, lakini watu kadhaa walikufa, miongoni mwao Aden Yabarow Wiish, mkuu wa kamati ya Olimpiki ya Somalia, na Said Mohamed Nur, rais wa shirikisho la kandanda. Miezi michache tu ilikuwa imebaki kabla ya michezo ya Olimpiki ya London.

Waliotega bomu lile walijua walichokuwa wakikilenga. Walitaka kuua waliokuwamo, naam, lakini zaidi ya hayo walitaka kila aliyesikia habari ile aseme moyoni, "Mimi sitakwenda tena mahali penye watu." Mji ambao watu wake wanaogopa kukusanyika huwa umekwisha kushindwa, hata kama adui hajauingia. Kwa sababu hiyo kulijenga upya Jumba la Taifa hakukuwa kazi ya saruji na mabati peke yake.

Kazi hiyo ilichukua miaka. Kuta zilizibwa, paa likawekwa upya, ukumbi ukapata viti, na jukwaa likapata taa na pazia. Mwaka wa 2020, wakati wa Rais Mohamed Abdullahi Farmaajo, jumba lilifunguliwa rasmi. Mwaka uliofuata zikaja filamu mbili za Ibrahim CM, na watu wakaketi gizani kama ilivyokwisha kuelezwa.

Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 2021, sinema ya Kisomali ilipata heshima nyingine huko Ouagadougou, nchini Burkina Faso. Katika FESPACO, tamasha kubwa la filamu za Afrika, tuzo ya kwanza ilimwendea Khadar Ayderus Ahmed, Msomali wa Finland, kwa filamu yake juu ya mchimba makaburi ambaye mkewe ni mgonjwa wa figo na hana fedha za kumtibu. Hakuna bunduki iliyo kiini cha hadithi hiyo. Kuna mume, mke, mtoto, na gharama ya hospitali, mambo yanayofahamika katika kila nyumba.

MGENI ANAPOFIKA

Mgeni afikaye katika jumba lile hukutana kwanza na askari. Jumba liko ndani ya eneo lenye ulinzi mkali, pamoja na ikulu na bunge, wala hakuna njia ya kuingia bila kupita mikononi mwa walinzi. Mtu asiyezoea aweza kuona ni usumbufu. Lakini kwa kweli onyesho huanzia hapo langoni. Polisi anayepekua mkoba kwa makini na kwa maneno ya adabu ana sehemu yake katika mchezo, ingawa jina lake halitangazwi na makofi hayamfikii. Bila yeye mwimbaji hawezi kufumba macho akaimba.

Kutoka kwa msiba wa mwaka wa 2012 kuna funzo moja ambalo wakuu wa ulinzi popote hawafai kulisahau. Adui hutafuta mahali pasipotazamwa. Pale ambapo mila haimruhusu askari mwanamume kumpapasa mwanamke, lazima awepo askari wa kike aliyefundishwa vizuri. Askari huyo hakuwekwa pambo la gwaride. Yeye ni nusu ya mlango, na mlango wenye nusu moja haufungiki.

Wala isisemwe kwamba shida za Mogadishu zimekwisha. Tarehe 29 Oktoba 2022 magari mawili yenye mabomu yaliua watu zaidi ya 100 katika njia panda yenye watu wengi. Tarehe 2 Agosti 2024 washambuliaji waliwaua watu zaidi ya 30 katika ufuko wa Lido, mahali ambapo wakazi huenda jioni kupunga upepo wa bahari. Mahali pa mapumziko pamelengwa tena na tena. Kwa hiyo kila anayenunua tikiti mjini mule hufanya tendo la ushujaa mdogo, na kila anayesimama langoni kumlinda hufanya tendo la ushujaa lisiloonekana.

HAPA KWETU

Jambo hili halihitaji kufafanuliwa sana Bujumbura. Mwaka wa 1992 Léonce Ngabo alitoa Gito l'ingrat, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, habari yenye kuchekesha ya kijana anayerudi kutoka Paris na shahada yake, akidhani kwamba uwaziri unamngoja uwanja wa ndege. Mwezi wa Oktoba mwaka uliofuata, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, nchi iliingia katika vita vya miaka mingi. Watu wazima wa mji huu wanakumbuka jinsi usiku ulivyokuwa mali ya bunduki, milango ikafungwa mapema, na majirani wa tangu utotoni wakaogopana. Wakati huo nani angekaa gizani karibu na mtu asiyemjua?

Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, na utulivu ukarudi hatua kwa hatua. Mwaka wa 2009 Ngabo yule yule alianzisha tamasha la filamu la kimataifa hapa Burundi, liitwalo FESTICAB. Mwaka wa 2014 ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Mambo haya mawili yanaeleza jambo moja: watu waliorudi kukusanyika wamerudi kuwa watu.

Tena ni ajabu kufikiri kwamba mwaka ule ule wa 2009, Bujumbura ilipokuwa ikiwasha taa ya sinema, watoto wake walikuwa wakifa Mogadishu ili siku moja wengine nao wapate kuwasha yao. Mjane wa askari aliyezikwa mwaka huo hawezi kurudishiwa mumewe na filamu mbili fupi. Hakuna fidia ya namna hiyo. Lakini mtoto wake akimwuliza, "Mama, baba alikwenda kufanya nini kule?" anaweza kumjibu kwa jambo linaloonekana kwa macho: kule kuna jumba lililokuwa gofu, na sasa watu huingia humo na watoto wao, wakacheka, wakarudi nyumbani. Baba alikuwa mmoja wa waliowashikia mlango.

KWENDA ONYESHONI NA JAMAA

Ukumbi uliojengwa hauna faida kama watu hawaingii. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa jamaa itakayopata nafasi ya kwenda kutazama filamu, mchezo wa kuigiza au ngoma, hapa mjini au ugenini, mambo haya machache yatafaa.

Kwanza, ulizeni onyesho ni la namna gani kabla ya kununua tikiti. Mchezo unaomfaa baba huenda usimfae mtoto wa miaka sita. Watoto wadogo wapewe chakula nyumbani kabla ya kutoka, maana mtoto mwenye njaa huwaharibia onyesho watu wote wa safu yake.

Pili, fikeni mapema. Anayechelewa hupita gizani akikanyaga miguu ya watu, na huwalazimisha walinzi langoni kupekua kwa haraka. Upekuzi wa haraka ni upekuzi mbaya. Toeni mikoba yenu bila ya kunung'unika, na watoto wafundishwe kumsalimu askari, wasimwogope.

Tatu, mkishaketi, tazameni milango ya kutokea iko wapi, mwonyesheni na mtoto mkubwa. Kufanya hivyo ni akili ile ile ya kujua ndoo ya maji iko wapi jikoni. Simu zizimwe, kwa kuwa mwanga wake mmoja huwasumbua watu walio nyuma yenu.

Nne, baba aliyerudi kutoka vitani asilazimishwe. Wako wanaume hodari ambao mlio wa ghafla wa ngoma au mlipuko katika filamu huwarudisha mahali ambapo hawataki kurudi. Mama mwenye busara huchagua kiti cha pembeni karibu na njia, na mumewe akitaka kutoka kidogo kupata hewa, humwacha atoke bila maswali mbele ya watoto. Pengine mara ya kwanza atakaa nusu saa. Mara ya pili atakaa saa nzima.

Tano, mkirudi nyumbani, ongeeni juu ya mliyoyaona. Nani alikosea? Nani alisema kweli? Ingekuwaje kama yule binti angemsikiliza mama yake? Mazungumzo hayo ni nusu ya faida ya tikiti, nayo hayatozwi chochote.

Jumba la Mogadishu limeonja yote: zawadi, makofi, risasi, mvua, damu, na saruji mpya. Leo sifa yake kubwa haimo katika paa wala katika viti. Imo katika ile dakika fupi kabla ya onyesho kuanza, taa zinapozimwa, watu mia kadhaa wasiojuana wanyamaze pamoja, na asiwepo hata mmoja anayeinuka kukimbilia mlango.